Fundi Amne na Moshi wa Bluu

Amne Mhina wa Chanika, Handeni, hajui kujaza kitu nusu. Ukikaribishwa chai kwake, kikombe kitajazwa mpaka chai ilale kwenye kisosi, na itabidi uinamishe shingo uifuate mezani, maana ukithubutu kukinyanyua utaungua vidole. Akikupimia mahindi, debe litakuwa na kilima juu yake. Akijitwika ndoo ya maji, anayemfuata nyuma hulowa miguu. Watu wa umri wake mjini Handeni wamekua wakiyafuata maji kwa mwendo wa saa nzima, na kwao chombo kisichojaa ni aibu ya mwenye nyumba. Wengine wameshaizoea mifereji ya majumbani ya siku hizi. Amne hajaizoea.

Basi mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekuwa fundi wa magari. Kazi alifundishwa na baba yake, Mzee Mhina, aliyekuwa akitengeneza matrekta kwenye mashamba ya Kwaluguru. Matrekta yenyewe yalikuwa makuukuu, yalivuja oili kila upande. Ukiyajazia asubuhi mpaka alama ya kwenye kijiti cha kupimia, ikifika saa sita mchana oili iko chini ya alama, na alasiri injini inalia. Kwa hiyo Mzee Mhina alikuwa na sheria moja: oili ipitishwe alama, vidole viwili. Amne aliibeba sheria hiyo mpaka gereji yake ya Chanika, na kwa zaidi ya miaka thelathini haikumwangusha, kwa sababu kila kilichoingia humo kilivuja. Malori ya mahindi yalivuja. Pikapu za mnadani zilivuja. Hata injini za mashine za kusaga zilivuja. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba fundi amemzidishia.

Halafu akaja Zeeshan na gari lisilovuja hata tone.

Zeeshan ni kijana wa Mzee Shamshudin na Mama Nurbanu, wenye duka la mabati na misumari karibu na stendi. Ni mpole, mwembamba, haongei sana, na ukimwona dukani akihesabu bawaba huwezi kudhani kwamba usingizini anaota kona. Alikuwa amejinunulia gari dogo la bluu la Kijapani lenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari liruke badala ya kutembea. Siku moja mkanda wa injini ulikatika mbele ya gereji ya Amne, naye Amne akaubadilisha huku akigombana kwa simu na mdogo wake Hafsa, aliyekuwa mnadani, kuhusu mbuzi. Zeeshan alisimama pale akiitazama ile mikono ikifanya kazi bila kutazamwa na mwenyewe. Tangu siku hiyo hakupeleka gari kwa fundi mwingine.

Mwaka huu yakatangazwa mashindano ya magari, Jumapili moja kule Makuyuni, upande wa Korogwe, kwenye barabara za vumbi zinazopita katikati ya mashamba. Kila gari liliruhusiwa fundi mmoja tu wa kuingia uwanja wa matengenezo. Wengine wote, awe mama mzazi au shehe, wabaki nyuma ya kamba. Na jina la fundi huyo lilitakiwa kwenye fomu ifikapo Ijumaa adhuhuri.

"Mama Fundi, nitakuandika wewe," Zeeshan alimwambia, kama mtu anayeagiza soda.

Amne alikuwa na miaka hamsini na minne. Maisha yake yote alikuwa chini ya mashine zinazokwenda kwa mwendo wa jembe. Aliitikia, "Haya, sawa," akageukia spana zake, na Zeeshan alipoondoka tu akamkumbatia Hafsa mpaka sinia la vitumbua likapinduka. Hafsa anauza chai na vitumbua mlangoni pa gereji, kwa hiyo habari haikuhitaji kutembea. Ilipofika magharibi Chanika nzima ilijua. Hafsa alimshonea dada yake ovaroli mpya ya bluu iliyokoza, mifuko ya kitenge, na Amne akaijaribu mara tatu siku hiyohiyo huku akidai kwamba anaangalia mishono.

Jumatatu ya wiki ya mashindano gari lililetwa kubadilishwa oili. Na hapa ndipo mapenzi yalipoharibu kazi. Amne alijaza, akapima, ikafika alama. Akapitisha vidole viwili kama kawaida yake. Kisha akalitazama lile gari, akafikiria mbio zote zile, jua lote lile la Makuyuni, akaona huruma. "Hili ni la kukimbia," alijisemea, "lazima litakuwa na kiu." Akalimiminia na iliyobaki kwenye galoni, akaikung'uta na galoni yenyewe. Alilala amefurahi.

Jumatano gari lilirudi likitoa moshi wa bluu mnene kiasi kwamba Hafsa alifunika vitumbua.

Zeeshan alishuka. Upande wa pili alishuka Fabiani, msoma ramani wake, yule anayekaa pembeni na kumtajia dereva kona kabla hazijafika. Fabiani ana maneno ya watu wawili, kwa hiyo yeye na Zeeshan wanapatana vizuri.

"Shikamoo Mama Fundi. Tabo limekufa," alisema Fabiani.

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Fundi wa Tanga mjini. Nimempigia."

"Ameliona gari?"

"Nimemweleza tu."

Mafundi wanaotibu kwa simu ni wepesi sana wa kuzika. Huyo wa Tanga alikuwa ameshatangaza msiba: tabo jingine litoke Dar es Salaam, na kabla ya Jumapili halifiki. Lakini kama angepelekewa gari, labda angejaribu jambo. "Na kama fundi atakuwa mwingine," Fabiani alimalizia, akiangalia chini, "basi na fomu iandikwe huyo mwingine. Samahani, Mama Fundi. Siyo kwa ubaya."

Amne aligeuka akatazama ukutani. Ovaroli ilikuwa imening'inia pale nyuma yake, haijawahi kuchafuka.

"Nipeni mpaka Ijumaa asubuhi," alisema.

Fabiani alimtazama Zeeshan. Zeeshan alilipigapiga gari boneti kidogo, akasema, "Ijumaa asubuhi, Mama Fundi," akaondoka kwa miguu.

Alhamisi Amne hakupokea kazi nyingine. Alifungua mabomba ya hewa moja baada ya jingine, kuanzia kwenye eakilina, chombo cha kuchujia hewa, mpaka kwenye rejeta ndogo ya kupozea hewa, na kila alipofungua alikuta jambo lilelile: oili. Mahali pa kupita hewa safi palikuwa pameloa kama kikaango. Rejeta ndogo alipoiinamisha, ilimwaga oili ya kujaza kikombe cha kahawa. Alilitukana lile gari kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, kisha akaliomba radhi.

Akalishika tabo. Kama tabo limekufa, mhimili wake hucheza. Akausukuma huku, akauvuta kule. Ulikuwa imara, haukutikisika hata kidogo, na feni ilizunguka kwa kuguswa na ncha ya kidole. "Huyu mgonjwa ni mzima," alimwambia Hafsa, na moyo ukaanza kumpanda kwa furaha.

Kama siyo tabo, oili imetoka wapi? Injini nayo hupumua. Ina mpira mwembamba wa kutolea mvuke wa ndani, na mpira huo huurudisha mvuke kwenye njia ya hewa ili uungue. Amne aliuvuta ule mpira, akauchungulia. Oili ilimdondokea kwenye kifundo cha mkono. Injini ilikuwa haipumui mvuke, ilikuwa inatapika. Na injini hutapika kwa sababu gani?

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

Vidole viwili na nusu juu ya alama. Baada ya kutapika kote kule.

Amne alikaa juu ya tairi. Kwenye trekta bovu, ile oili ya ziada ingekuwa imeshamwagika chini zamani. Kwenye gari hili lisilovuja ilibaki humohumo, krenki, ule mhimili mkubwa wa injini, ikawa inaichapa kwa kasi kama mtu anayekoroga uji kwa hasira, mpaka ikatafuta pa kutokea. Tabo halikuwa na kosa. Wajapani hawakuwa na kosa. Mkono uliomwaga ulikuwa wake.

"Dada, umeona nini?" Hafsa aliuliza.

Amne akamweleza. Hafsa aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi imwage ya ziada, safisha, funga. Kesho waambie umeliponya. Watakubeba mabegani."

Na kweli wangembeba. Hilo ndilo lililomuumiza. Alishinda akifanya kazi na lile wazo likimzunguka. Alilegeza nati ya chini akaitoa oili mpaka ikakaa sawasawa katikati ya alama mbili. Aliyaosha mabomba kwa petroli, akayaanika juani juu ya kanga ya zamani. Halafu akamwita Enock, mchomea vyuma wa jirani, wakachukua kopo moja la bati nene, wakalichomea mirija miwili, wakaweka wavu ndani. Mvuke wa injini sasa utapita kwanza humo, oili inaswe na wavu ibaki chini ya kopo, na hewa iendelee na safari yake. Kwa mbio ndefu na kona kali, hata injini yenye oili ya kiasi hurusha matone mawili matatu. Kopo lilipofungwa kando ya betri lilipendeza kuliko baadhi ya vitu vilivyotoka kiwandani, na Enock alisema hivyo.

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuja, Zeeshan na Fabiani. Kabla hawajauliza, Amne alisema.

"Siyo tabo. Ni mimi."

"Ni wewe vipi?" Fabiani aliuliza.

"Nilizidisha oili. Nilijaza kama ninavyojaza trekta, na zaidi, kwa sababu nililipenda hili gari. Ikapanda kwenye njia ya hewa. Nimeitoa, nimesafisha, nimeweka na kopo la kunasa itakayoponyoka. Lakini ile iliyokwisha kushuka kwenye ekzosi siwezi kuifikia. Itatoa moshi mpaka iungue yote. Halafu itakoma."

Hafsa alijishika kichwa kule kwenye vitumbua.

Zeeshan alifungua boneti, akalitazama kopo, akachomoa kijiti, akakirudisha. Akawasha gari. Moshi wa bluu ukatoka kwa wingi, ukaijaza gereji, Amne akakohoa.

"Nashukuru, Mama Fundi," alisema Zeeshan. Akalitoa gari taratibu, likaondoka na moshi wake kuelekea stendi.

Hilo tu. Nashukuru. Amne aliligeuza neno hilo kila upande, akaona ni lile neno watu wenye adabu hulisema wanapofunga mlango. Aliitungua ovaroli kwenye msumari, akaikunja, akampa Hafsa akaiweke mbali na macho yake. Akazima simu, maana hakutaka pole za Chanika nzima, na Jumamosi alfajiri akaenda Kwaluguru kumsaidia mama yake kupalilia. Alipalilia kwa nguvu mpaka mama akamwomba aiachie mihogo nafasi ya kuishi.

Jumapili asubuhi Enock alimfuata hukohuko kwa pikapu yake, Hafsa akiwa ndani na kapu.

"Twende Makuyuni," alisema Hafsa.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia, kama watu wengine."

Amne alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa ameshapanda. Alijiambia anataka kujua jambo moja tu, kama moshi umekoma. Atasimama nyuma ya kamba, ajue, arudi.

Makuyuni ilikuwa imejaa. Watoto walikuwa juu ya matofali, miwa ilikuwa inauzwa, magari kumi na moja yalikuwa yananguruma kwenye uwanja uliozungushiwa kamba. Amne alikuwa bado hajapata mahali pa kusimama aliposikia anaitwa kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikipanda namna ile. Zeeshan alikuwa anakuja mbio, kofia ya chuma mkononi.

"Mama Fundi! Simu yako imezimwa tangu juzi! Nimekuja gereji, imefungwa! Gari linaondoka baada ya dakika ishirini na fundi hayupo!"

"Fundi gani?" Amne aliuliza.

Zeeshan alimtazama kama aliyeulizwa jina la baba yake. "Wewe. Ingia, jamani, ingia!"

Hafsa, bila hata kushangaa, alitoa ovaroli kwenye kapu. Amne aliivaa juu ya gauni lake, hapohapo, mbele ya umati, na mguu mmoja ulikataa kuingia mpaka Enock akamshika bega. Mlangoni akavishwa kizibao cha njano, akaingia. Akaamini moyoni kwamba Jumamosi moshi ulikuwa umekoma, wamemsamehe, wameliandika jina lake dakika za mwisho. Alishukuru Mungu kwa hilo, na lilimtosha.

Gari liliondoka. Moshi haukuwepo. Lilitoka na vumbi jekundu tu nyuma yake, na sauti safi iliyopanda na kushuka kule mashambani, na Amne aliifuata kwa masikio kona hadi kona. Katikati ya mashindano waliingia matengenezo, dakika tano. Alifungua boneti. Ndani ya kopo kulikuwa na oili ya kujaza kijiko kimoja cha chai. Kijiti kilionyesha katikati ya alama, palepale alipoiacha.

"Nikupe galoni uongeze kidogo?" Fabiani alitania, sura yake yote vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana.

"Kaa kwenye kiti chako usome ramani," alisema Amne, na aliifunga boneti kwa mkono uliokuwa ukimwasha kutaka kuongeza. Ndiyo, uliwasha. Mazoea ya miaka thelathini hayatoki kwa siku tatu.

Walimaliza wa tatu. Wa tatu kati ya kumi na moja! Hafsa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, Mama Nurbanu akamkumbatia Amne na grisi yake yote, na Mzee Shamshudin aliyekuwa akisema tangu mwanzo kwamba mbio ni wazimu alikuwa akimsimulia kila mtu jinsi mwanawe alivyokata kona ya mwisho, ingawa wakati huo alikuwa amefumba macho.

Jua lilipoanza kuinama, mafundi waliitwa mezani kurudisha vizibao na kutia sahihi. Mezani alikaa Yuditha, karani wa mashindano, dada mwenye miwani na daftari kubwa. Alizigeuzageuza fomu, akaipata ya gari la bluu, akamsukumia Amne na kalamu.

Jina lake lilikuwepo, kwa mwandiko wa Zeeshan wa kuandikia risiti: Amne Mhina, Chanika. Chini yake kulikuwa na muhuri wa siku ya kupokelewa. Ijumaa. Saa tatu na dakika arobaini.

Amne aliisoma tena.

"Mwanangu," alimwambia Yuditha, "huu muhuri siyo wa Jumamosi? Labda aliirudia fomu?"

"Hapana, mama. Fomu hatukuruhusu kurudia. Hii ilikuja Ijumaa pale Chanika, tulikuwa tumepanga chumba karibu na stendi." Yuditha aliinua kichwa, akacheka. "Naikumbuka vizuri. Huyo kijana aliliacha gari linawaka mlangoni wakati anajaza. Lilitoa moshi, jamani, moshi wa bluu, tukafunga madirisha yote. Mwenzangu akamuuliza, kaka, una uhakika na huyo fundi wako?"

"Akasemaje?"

"Alikohoa tu, akaendelea kuandika."

Amne aliishika kalamu lakini haikuandika, kwa sababu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja, akijifuta kwa mfuko wa kitenge. Nyuma yake mafundi wengine walikuwa wanangoja zamu. Yuditha akamwambia asiwe na haraka. Alipoweza kuona vizuri, aliweka sahihi yake.